Bando Kubwa, Simu Isiyoita: Namna ya Kumchagulia Laini Aliye Ugenini

Nyumba nyingi za Waislamu wa Arusha, kuanzia Kaloleni na Ngarenaro hadi Sakina na Usa River, leo zina mtu wao ng'ambo. Huyu yuko Muscat kwa kazi za nyumbani, yule ni dereva Dubai, mwingine ni mwanafunzi Madina, na mwaka haupiti bila mzee wa mtaa kwenda Hijja. Tunapowasindikiza huwa tumekwisha kukamilisha mengi: pasipoti, chanjo, nguo, dua za wazee. Laini ya simu huachwa hadi mwisho, kana kwamba ni kitu kidogo cha kununuliwa tu mtu akishafika. Sisi pia tulifanya hivyo. Tunaandika makala haya ili nyumba nyingine isijifunze kwa gharama tuliyojifunzia sisi.

Binti yetu wa pili alikwenda Muscat kwa kazi za nyumbani. Mwajiri wake, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, alikuwa mtu mwema. Mshahara wa kwanza ulipoingia, binti alikwenda dukani siku yake ya mapumziko, akamkuta muuzaji anayezungumza Kiswahili cha Unguja, akanunua laini na kifurushi cha intaneti kikubwa kuliko vyote vilivyobandikwa ukutani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: intaneti nyingi ni maongezi mengi. Usiku ule alituandikia, "Mama, sasa tutaongea mpaka mchoke."

Hatukuongea. Maandishi yalifika na picha zilifika, lakini kila alipotupigia kwa WhatsApp, simu yetu iliita mara moja ikakatika, au haikuita kabisa. Tukalaumu bando lake, kisha tukailaumu simu yetu, hatimaye tukabadilisha laini upande wetu. Ilituchukua muda kuelewa kwamba kasoro haikuwa kwenye kadi wala kwenye simu. Oman, kama ulivyo Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa miaka mingi imezuia simu za sauti na video zinazopita kwenye programu zisizo na kibali cha mamlaka za nchi, na WhatsApp imekuwa miongoni mwa programu hizo. Maandishi hupita, na ujumbe wa sauti uliorekodiwa hupita. Kupigiana moja kwa moja ndiko kusikopita. Binti yetu alikuwa amenunua gigabaiti nyingi, lakini hakuwa amenunua njia ya kutufikia.

Basi tukazoea kuandikiana, naye kila mwezi akawa anarudia kununua kifurushi kile kile kwa mazoea. Sisi tunasoma na kuandika. Tulichosahau ni kwamba bibi yake hasomi.

Bibi alikuwa akiishi kwenye vijiji vya juu ya Tengeru, miteremkoni mwa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa. Simu yake ilikuwa ile ya vitufe ambayo vijana huiita kitochi. Binti alipokuwa na miezi saba ugenini, bibi akaugua. Kila asubuhi aliuliza swali moja: "Mtoto hajapiga?" Mtoto alitaka sana kupiga, ila kifurushi chake hakikuwa na dakika hata moja za kawaida za nje ya nchi. Aliponunua vocha ili apige kwa bei ya kawaida, salio lilikatika hata salamu za pande mbili hazijaisha.

Likaja na la pili. Kabla ya kusafiri, binti alikuwa ameacha shilingi 280,000 kwenye mkoba wa pesa wa laini yake ya Tanzania, akasema ni akiba ya dharura ya bibi. Laini yenyewe aliiacha kabatini, imefungwa kwenye karatasi. Tulipoitia kwenye simu tukakuta imefungiwa kwa kutotumika muda mrefu. Ofisini tulielezwa, tena kwa upole, kwamba kuirejesha kunahitaji mwenye laini mwenyewe na alama ya kidole chake. Mwenyewe yuko Muscat, na kidole chake kiko naye. Fedha za dawa tukazikopa kwa jirani.

Mwishowe tulimwambia binti arekodi sauti yake. Tukapanda daladala hadi Tengeru, kisha bodaboda, tukaketi kando ya kitanda na kumsikilizisha bibi ujumbe wa dakika tatu. Alitaka kuusikia mara ya pili. Kisha akaanza kuijibu simu, kana kwamba mjukuu anamsikia, nasi tukawahi kubonyeza kitufe cha kurekodi. Kule juu mtandao wa laini yetu haukushika, hivyo jibu lake lilitoka tuliposhuka barabarani. Baada ya wiki mbili bibi alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Sauti ile binti anayo hadi leo.

Hatukosi shukrani kwa dakika zile chache. Lakini tunajua kwamba kwa fedha ile ile aliyokuwa akilipa kila mwezi, wangeweza kuzungumza kila wiki kwa miezi saba. Kuunga udugu ni wajibu tunaohimizwa tangu utotoni, na siku hizi sehemu ya wajibu huo hupitia dukani, mbele ya karatasi ya bei. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Anza na mtu, kisha uende kwenye bei

Swali la kwanza ni nani unayetaka kumfikia na ana simu gani mkononi, kabla hata ya kuuliza gigabaiti ngapi. Mwenye simu janja na mtandao mzuri anaweza kufikiwa kwa intaneti. Mzee mwenye kitochi hafikiwi hata ununue gigabaiti mia. Huyo anahitaji dakika za kawaida za kupiga nje ya nchi. Kampuni za Oman, yaani Omantel, Ooredoo na Vodafone, zina wateja wengi wageni, na huduma za kupiga nje ni sehemu ya biashara yao. Muulize muuzaji waziwazi: "Tanzania imo katika dakika hizi?" Kifurushi cha nje ya nchi huwa na orodha ya nchi zake, na ni kosa kudhani kwamba kinachofika India au Pakistan kitafika na Arusha.

Swali la pili ni njia gani inaruhusiwa katika nchi hiyo. Saudi Arabia ilianza kuondoa zuio la simu za intaneti mwezi Septemba 2017, kwa programu zinazotimiza masharti yake. Katika Falme za Kiarabu zipo programu zilizopewa kibali, nazo huendana na vifurushi maalumu vya kampuni za huko. Mwanao akifika, amuulize mwenyeji ni programu gani inayoruhusiwa, kisha nanyi muiweke hiyo hiyo kwenye simu ya nyumbani.

Wapo watakaomshauri kijana atumie programu za kuficha njia ya mawasiliano ili apenye zuio. Mzazi asinyamazie jambo hili. Sheria ya Falme za Kiarabu inaweka faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi milioni 2 kwa anayetumia mbinu hiyo kutenda kosa au kuficha kosa. Dirham 500,000 ni zaidi ya dola 136,000 za Marekani. Hakuna maongezi yanayostahili kumtia mwanao katika hatari hiyo, hasa ikiwa ujumbe wa sauti uliorekodiwa unapita bila tatizo.

Hesabu ya fedha ngeni

Mgeni hudanganywa na udogo wa tarakimu. Rial moja ya Oman ina thamani ya takriban dola 2.60, wakati dola moja ni dirham 3.67 za Falme za Kiarabu au riyal 3.75 za Saudi. Kwa hiyo kifurushi cha rial 5 kinaonekana rahisi kwa macho, kumbe ni dola 13, sawa na karibu dirham 48. Kabla ya kulinganisha lolote, zibadilishe bei zote ziwe fedha moja unayoielewa.

Hatua ya pili ni kugawanya bei kwa gigabaiti utakazotumia, wala si kwa gigabaiti zilizoandikwa. Tuchukue mfano wetu wenyewe, si bei ya kampuni yoyote. Kifurushi cha kwanza ni rial 3, gigabaiti 4, siku 7. Cha pili ni rial 5, gigabaiti 10, siku 30. Mtu anayetumia gigabaiti 6 tu kwa mwezi, akichukua cha wiki, atakinunua mara nne kwa rial 12, na nyingi kati ya gigabaiti 16 alizolipia zitakufa kwa tarehe. Kila gigabaiti aliyoitumia itakuwa imemgharimu rial 2. Akichukua cha mwezi atalipa rial 5, yaani pungufu ya rial moja kwa kila gigabaiti aliyoitumia, japokuwa nyingine nne zitabaki. Hapo ndipo swali la muda lina uzito: kifurushi kinakwisha lini, na kilichobaki kinahamia mwezi unaofuata au kinapotea?

Ni vyema pia kujua kinachokula. Maandishi hayali kitu cha kuhesabika. Dakika ya simu ya sauti kwa intaneti hutumia takriban megabaiti moja au pungufu, na ya video hula mara kadhaa zaidi. Lakini saa moja ya kutazama filamu kwa ubora wa juu inaweza kumeza hata gigabaiti 3. Tulipokaa na binti kuhesabu, tuligundua kwamba sehemu kubwa ya kifurushi chake ilikwenda kwenye video za kupitisha wakati, na sehemu ndogo kabisa ilikuja kwetu. Hatukumlaumu, maana upweke wa ugenini tunaufahamu. Tulikubaliana tu kwamba achukue kifurushi kidogo cha intaneti, na tofauti ya fedha inunue dakika za kupiga nyumbani.

Laini ya nyumbani isife

Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake Januari 2020, laini ya Tanzania imefungamana na mtu mwenyewe na kitambulisho chake cha Taifa. Jambo hili lina kheri yake, ila kwa msafiri lina maana nzito: mama hawezi kumrejeshea mwanawe laini iliyokufa. Na laini hiyo ndiyo yenye mkoba wa pesa, na ndiyo ambayo benki huitumia kupeleka namba za uthibitisho.

Kwa hiyo msafiri aondoke na simu ya laini mbili. Moja iwe laini ya nchi aendayo, nyingine ya nyumbani. Kabla ya kuondoka afike kwenye ofisi ya kampuni yake, iwe Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au TTCL, aulize mambo matatu: laini hii itashika mtandao kule niendako, ikikaa muda gani bila kutumika itafungiwa, na nifanye nini kila baada ya muda ili iendelee kuwa hai. Akishafika, azime intaneti ya laini ya nyumbani, aibakize kwa kupokea ujumbe tu. Asipoizima, simu inaweza kujisasisha usiku kwa laini ya Tanzania na salio lote likaondoka kwa bei ya ugenini.

Bei hiyo haipangwi na umbali, bali na makubaliano ya kampuni. Watu wa Arusha tunalijua hili kwa Namanga. Ukifika mpakani, hatua chache tu hukuhamisha kutoka mnara wa Tanzania hadi mnara wa Kenya, na salio huanza kuhesabiwa kwa namna nyingine. Wakubwa wetu watakumbuka kwamba Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Tanzania, Kenya na Uganda kutumia laini zao katika nchi zote tatu kwa bei za wenyeji. Kama makubaliano yaliweza kuufuta mpaka siku zile, basi pasipo makubaliano mpaka ungalipo, na msafiri ni lazima aulize kabla hajalipa.

Laini iwe kwa jina lake

Hili tunawaomba wazazi wa mabinti walisome kwa utulivu. Nyumba ya mwajiri huweza kuwa na mtandao wa bure, na binti akaona hana haja ya laini. Au mwajiri akamnunulia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwajiri. Yote mawili yanaweza kufanywa kwa nia njema. Lakini siku mambo yakiharibika, mtandao wa nyumba huzimwa na mwenye nyumba, na laini hufungwa na mwenye jina.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50 waliofanya kazi huko. Miongoni mwa yaliyoelezwa ni kunyang'anywa pasipoti na kunyang'anywa simu. Si waajiri wote walio hivyo, na wa binti yetu hakuwa hivyo. Ila asiyekuwa na njia yake mwenyewe ya kusema hawezi kueleza hata akiwa katika shida. Binti anapopata kibali cha ukaazi, asajili laini kwa jina lake, namba hiyo aikariri, na nyumbani tuiandike kwenye daftari pamoja na namba ya Ubalozi wa Tanzania katika nchi hiyo. Vilevile tupange siku na saa ya kusikilizana, tukikumbuka kwamba Muscat na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja. Siku hiyo ikipita kimya bila sababu, nyumbani tujue kuna jambo la kufuatilia.

Mlima nao uhesabiwe

Tunasahau kwamba simu ina ncha mbili. Laini bora ya Muscat haina faida ikiwa ya nyumbani haishiki. Meru ina mabonde na migongo mingi. Unaweza kuketi chini ya mgomba laini moja ikashika na nyingine isioneshe hata mstari, na hatua mia mbele mambo yakageuka. Kwa hiyo usimnunulie mzazi wa kijijini laini kwa sababu ina bando rahisi mjini. Nenda na simu yenye laini mbili tofauti, simama pale anapolala na pale anapoota jua, upige. Inayoshika hapo ndiyo laini yake.

Kwa mahujaji shauri ni lile lile kwa muda mfupi. Mzee anayekwenda Makka anahitaji laini ya siku za safari tu, ya stc, Mobily au Zain, naye husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Ni salama ainunue akiwa na kiongozi wa msafara wake, kwenye duka linalotambulika. Saa za Makka ni sawa na zetu. Tusimsumbue kwa simu siku za Mina na Arafa, ambapo minara hulemewa na watu. Ujumbe mfupi wa sauti utamfikia akipata wasaa.

Tahadhari kwa waliobaki

Mwenye mtu ng'ambo ni windo la matapeli. Ujumbe huja kwa namba ngeni: "Mama, ni mimi, nimebadilisha laini, nina shida, tuma fedha kwa namba hii." Sisi tumekubaliana neno moja la familia, lisiloandikwa popote. Asiyelijua hatumiwi kitu, hata akilia. Ujumbe wa namna hiyo huripotiwa kwa kutumwa kwenda namba 15040. Na kila mtu anaweza kupiga *106# kutazama ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ili asibebeshwe makosa ya laini asiyoijua.

Mtoto wetu wa kiume naye, in shaa Allah, anajiandaa kwenda kusoma. Safari hii tumeanza mapema. Simu ya laini mbili ipo, ofisi ya kampuni tumekwisha kwenda, neno la familia analijua, na Alhamisi ya kila wiki baada ya Isha ndiyo siku yake ya kupiga. Mjomba wake wa kule juu ya Tengeru amenunuliwa laini inayoshika kitandani pake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio safarini, na atuwezeshe kuzisikia sauti zao tungali hai.